Matone Matano Chini ya Ulimi

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, ya kioo cha rangi ya kahawia, yenye kifuniko cha mpira wa kubonyeza kama zile za dawa ya macho. Moffat aliileta Jumapili moja baada ya ibada, akaiweka mezani kwangu taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mama Marthe," akasema, "hii ni ya Gaëlle. Matone matano chini ya ulimi, jioni, akishamaliza mazoezi. Misuli itapoa na atalala vizuri."

Nikavaa miwani. Kizungu changu si kingi, lakini jani lililochorwa pale nililijua. Hata mtoto mdogo wa kwetu Uvira angelijua.

"Moffat mwanangu, hii si bangi?"

Akacheka. "Ni mmea uleule, Mama, lakini wameondoa kile kinacholewesha. Kilichobaki kinaitwa kanabidioli, wenyewe wanasema CBD. Hiyo wanariadha wanaruhusiwa. Vingine vyote vya mmea huu vimekatazwa siku ya mashindano. Ndiyo maana nimetafuta hii. Imepimwa maabara, ona, ina namba yake hapa chini. Atumie hii tu."

"Hii tu," nikarudia.

"Hii tu, Mama."

Nayaandika maneno yale kama yalivyosemwa, ili mtu asije akafikiri kwamba Moffat hakunieleza. Alinieleza.

Moffat ni Mkenya, anafanya kazi benki huko Randburg, upande wa pili wa jiji. Jioni tatu kwa wiki, na Jumamosi asubuhi, anafundisha watoto kukimbia bila kudai chochote. Alimwona mjukuu wangu kwenye michezo ya shule alipokuwa na miaka kumi na tatu, akaja nyumbani kwetu, mtaa wa Rosettenville, kuniomba ruhusa, amevaa tai. Tangu siku ile, miaka mitano, akimrudisha Gaëlle hazimi gari wala haondoi gari. Anangoja mpaka aone mkono wake dirishani mwa jikoni. Ndipo anaondoka. Sijawahi kumwambia kwamba niliona, lakini niliona kila siku.

Gaëlle ni mtoto wa binti yangu, ambaye yuko Durban na ameolewa upya. Nimemlea tangu akiwa na miaka miwili. Kiswahili anakisikia chote, anakijibu nusu. Anakimbia mita mia nane. Mimi nilidhani mbio ni mbio, lakini Moffat alinieleza kwamba hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ni ndefu mno kwa kukimbia kwa nguvu zote, na ni fupi mno kwa kupumzika popote.

Chuo kikuu kilichoko Doornfontein kilikuwa kimemwandikia barua. Watampa masomo, kitanda na chakula kwa miaka yote, mradi awe na ruhusa ya kushindana na akimbie kwenye majaribio yao ya mwezi wa kwanza. Watoto wenye karatasi za ukimbizi kama zetu hawapati msaada wa masomo wa serikali. Mlango wetu ulikuwa mmoja, nao ulikuwa ule. Barua niliiweka ndani ya Biblia, na mara nyingine nilifungua Biblia ili niione barua, Mungu anisamehe.

Na kile chuo ninakijua. Nilishona ovaroli miaka kumi na tisa kwenye karakana ya Doornfontein, ghorofa ya nne, na dirisha langu lilitazama lango lao. Niliona watoto wa watu wakiingia na mafaili kifuani. Mashine za kiwandani zina chuma kinachosukumwa kwa goti la kulia ili kuinua mguu wa sindano. Ukikisukuma miaka kumi na tisa, goti linakufa kabla yako.

Ndiyo, goti hilo. Hapo ndipo habari yenyewe ilipoanzia.

*

Kila jioni Gaëlle aliketi kwenye kiti kidogo mbele yangu, akainua ulimi kama kifaranga, akadondosha matone matano. Kisha akadondosha mengine kwenye kiganja chake, akayasugua mpaka yapate joto, akanipaka gotini.

"Acha, ni dawa yako," nilimwambia.

"Koko," akasema, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "goti hili ndilo limenisomesha. Tulia."

"Moffat amesema matano tu."

"Matano yangu nimeshakunywa. Haya ni ya mguu. Eish, Koko, unabishana kama mtoto."

Sikubishana sana. Mikono yake ilikuwa na joto, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amenishika mguu isipokuwa muuguzi.

Mwezi wa tatu mama yake Moffat alifariki huko Kisii. Akaenda kumzika, wiki tatu. Kabla ya kuondoka alimwachia Gaëlle karatasi yenye mazoezi ya kila siku. Mashindano ya taifa ya vijana yalikuwa yamekaribia. Siku tisa kabla ya mbio, Gaëlle akiwa shuleni, niliichukua ile chupa nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imebaki alama tu ya mafuta chini. Nilijua nani aliyeimaliza. Mtoto alikuwa akipunguza matone yake ili goti langu lipate. Nilikumbuka jioni mbili za mwisho, aliinua ulimi lakini sikuona tone likianguka.

Kwetu chupa haitupwi. Mawese yangu yamo kwenye chupa ya whisky, na sijawahi kuonja whisky. Asali imo kwenye chupa ya soda. Sabuni ya vyombo imo kwenye chupa ya shampuu. Mafuta aliyoyaombea mchungaji yamo kwenye kichupa cha manukato alichoniachia bosi wa kwanza. Kitu kikiisha unajaza tena, na nyumba inaendelea. Nimeishi hivyo maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba chupa inaweza kuwa na ahadi iliyoandikwa chini yake.

Nikaenda kwa Mama Jocelyne. Ni mtu wa Lubumbashi, ana saluni mtaa wa pili kutoka kwetu, na nyuma ya saluni anapika mafuta ya viungo kwa ajili ya sisi wazee. Nilimkuta akisuka.

"Mama Jocelyne, yale ya jani unayo?"

"Mama Marthe! Leo na wewe umekuja kwenye jani?" Wateja wakacheka. "Ninayo. Goti?"

"Goti na mjukuu. Anakimbia wiki ijayo. Alikuwa na haya ya dukani, yamekwisha."

Akaitazama chupa, akainusa. "Ya dukani wameyachuja mpaka yamebaki maji. Ya kwangu ni mmea uleule, lakini mzima. Akinywa haya hatakimbia, ataruka."

Mmea uleule. Moffat pia alisema mmea uleule. Nilisikia maneno mawili yanayofanana kutoka kwa watu wawili wanaotupenda, nikaridhika.

Alinijazia kwa mkono wake, akakaza kifuniko, akaifuta chupa kwa pindo la kitenge chake mpaka ikang'aa. Nilipofungua pochi alinipiga mkono. "Kwa Gaëlle? Unataka nipate dhambi?" Akaniongezea na kichupa kingine kwa ajili ya goti, ili nisimpunguzie mtoto tena.

Nilipofika nyumbani, niliona chupa imejaa mno. Nikamwaga, nikabakiza nusu, ili asishtuke. Hilo ndilo ninalolirudia kichwani. Kumsaidia nilimsaidia kwa ujinga, lakini ile nusu niliipima kwa akili zangu zote. Sikutaka ajue kwamba nilijua anajinyima. Nilitaka akute tu chupa bado ina kitu, afikiri aliitazama vibaya.

Wiki ile alilala. "Koko, nimelala kama jiwe," alisema asubuhi akinyoosha mikono. "Hata king'ora sikusikia." Nilifurahi. Nilimpikia uji wa ulezi, nikamtazama akila.

Alishinda. Sitaki kuandika mengi kuhusu mbio zile. Alikuwa wa nne mpaka kona ya mwisho, kisha akawa wa kwanza, na mimi nilisimama kwa miguu yote miwili bila kukumbuka kwamba mmoja ni mbovu. Mama mmoja mwenye fulana ya buluu alikuja na karatasi, akamwambia amechaguliwa kupimwa mkojo. Alikuwa muungwana. Aliona nachechemea, akaenda mwenyewe kunitafutia kiti kivulini, akasema, "Atarudi sasa hivi, Gogo," yaani bibi kwa lugha yao. Gaëlle alirudi akicheka, kwamba ni aibu kukojoa mtu akikutazama.

*

Barua ilikuja mwishoni mwa mwezi wa tano. Mkojo wake ulikuwa na kile kinacholewesha, tena kingi kuliko kiasi wanachokisamehe. Amesimamishwa kuanzia siku ile mpaka kesi isikilizwe.

Moffat alikuja jioni ileile, bado ana kitambulisho cha benki shingoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka.

"Leta chupa, Mama. Kampuni hii imetudanganya, au kuna uchafu umeingia kiwandani. Tutaipeleka maabara na barua hii itafutwa." Akaigeuza, akasoma namba ya chini. "Namba ni yenyewe. Gaëlle, usilie. Namba ni yenyewe kabisa."

Gaëlle alikuwa amekaa kwenye kile kiti kidogo, amekumbatia magoti. Akamtazama Moffat na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua.

Niliona matumaini yao wote wawili yakisimama juu ya ile namba.

"Moffat," nikasema. "Chupa ni hiyo. Kilichomo sicho."

"Sicho vipi?"

Nikawaeleza. Sikuchukua muda mrefu, mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Chupa iliisha, nikaenda kwa Jocelyne, akanijazia, nikabakiza nusu.

Moffat aliweka chupa mezani, akaketi. Baadaye akasema, polepole, "Ungenipigia simu, Mama."

"Ulikuwa unazika."

Akafunika uso kwa mikono yake. Kabla ya kuondoka aliviosha vikombe vya chai, vyote vitatu, akavifuta, akavipanga. Nadhani alihitaji kushika kitu.

Gaëlle yeye aliingia chumbani akafunga mlango. Kabla ya kulala alitoka, akaja akaketi mbele yangu, akasugua viganja vitupu mpaka vikapata joto, akanikanda goti bila mafuta.

"Ulitaka nisikose," akasema.

Ni hayo tu. Kama angenitukana ningejua la kufanya.

*

Moffat alitutafutia wakili, binti wa Kimeru anayeitwa Kawira, anayesali naye huko Randburg. Hakutudai chochote. Alikuja na mkate na maziwa, kama mtu anayekuja kwenye msiba, akavua viatu mlangoni.

Akatueleza sheria. Alieleza mara mbili, mara ya pili kwa ajili yangu.

"Wanaojua michezo wanasema bangi mara nyingi ni mambo ya vijana, si wizi wa ushindi. Kwa hiyo, mtu akivuta nje ya mashindano, kwa starehe tu, na jambo lenyewe halihusiani na mbio, adhabu ni miezi mitatu. Gaëlle amesimamishwa tangu mwezi wa tano, kwa hiyo miezi hiyo tayari inahesabiwa."

"Na kama ni mafuta?" Moffat akauliza.

"Kama ni mafuta aliyokunywa kwa ajili ya misuli yake ya kukimbia, basi yanahusiana na mbio. Hapo mlango wa miezi mitatu unafungwa. Wanaanzia miaka miwili, kisha tunaomba wapunguze kwa sababu hakujua. Huenda wakapunguza sana. Huenda wakapunguza kidogo. Watasema alipaswa kulinda chupa yake. Kila kinachoingia mdomoni mwake ni mzigo wake."

"Kwa hiyo aliyevuta bangi anasamehewa kuliko aliyepewa na bibi yake?" nikauliza.

"Sijatunga mimi, Mama." Akatazama mikono yake. "Na sikwambii, Gaëlle, useme lolote ambalo si kweli. Nakueleza sheria ilivyo. Basi."

Moffat akainuka. "Mimi nitakuwa kwenye gari," akasema. Alikuwa mtu wa kweli na hakutaka kusikia. Lakini hakukataza.

Gaëlle alikuwa anahesabu kwa vidole, mwezi wa sita, wa saba, wa nane. "Nitasema nilivuta," akasema.

"Wewe? Useme mbele ya watu wewe ni mvuta dagga, mvuta bangi?"

"Koko, ni miezi mitatu. Ikiwa miaka miwili, Januari imepita. Chuo hakinisubiri."

"Na jina lako?"

"Nani ananijua mimi?" Akanishika mikono. "Kawira anasema familia inaweza kuingia. Njoo. Lakini niahidi hutasema. Ukiulizwa sema asante, basi. Niahidi, Koko."

Nikamwahidi.

*

Siku ya kesi ilikuwa mwezi wa nane, upepo mkavu unapeperusha vumbi mpaka meno yanasaga mchanga. Ofisi ilikuwa Randburg, ghorofa ya pili. Miezi mitatu yake ilikuwa imebakiza siku kumi na moja. Gaëlle alikuwa amesuka nywele upya na amevaa blauzi nyeupe niliyomshonea. Moffat alibaki chini kwenye gari.

Walikuwa watatu nyuma ya meza: mzee mwenye nywele nyeupe aliyeongoza, kijana aliyekuwa mwanariadha zamani, na daktari wa kike. Daktari alimimina maji, akaniletea mimi kwanza kabla ya kujimiminia. Kulikuwa na hita ndogo. Aliisogeza kwa mguu wake mpaka ikanielekea.

Wakamuuliza Gaëlle. Alivuta wapi? Kwenye sherehe, mtaa wa Yeoville. Na nani? Watu asiowajua vizuri. Nani alimpa? Hapo alikwama. Hakuwa amejiandaa kumtaja mtu, na hakutaka kumsingizia mtu. Akasema, "Mvulana mmoja. Simkumbuki."

"Nyumbani walijua?"

"Hapana. Koko wangu hajui chochote. Yeye ni mtu wa kanisa."

Yule mzee akavua miwani. Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. Alisema kwa upole, na Kizungu chake kilikuwa cha polepole hivi kwamba nilielewa kila neno, kwamba alikuwa na wajukuu, kwamba alimwona bibi huyu aliyekaa pale na mguu wake mbovu, kwamba mtu anaweza kutumia maisha yake yote kumlea mtoto na mtoto akatoka dirishani kumdanganya. "Unajua ulichomfanyia bibi yako?"

Gaëlle akainamisha kichwa. "Ndiyo, bwana," akasema.

Kwetu, mtoto akishtakiwa mbele ya watu, mkubwa wa nyumba ndiye anayesema mwisho. Hasemi sheria. Anasimama na kusema, mtoto huyu namjua, ni wa kwangu, hakulala nje. Mkubwa akinyamaza, watu wanarudi makwao wakijua kwamba nyumba imemtupa. Nilimwona baba yangu akisimama hivyo kwa ajili ya mdogo wangu Placide, aliyekuwa mwizi kweli, naye alisimama.

Mzee akanigeukia. "Gogo, una neno lolote?"

Kawira akaniwekea mkono mkononi. Nilijua mkono ule unasema nini. Nilikuwa nimeahidi. Neno la asante lilikuwa tayari mdomoni.

Nikasimama.

"Mtoto huyu namjua," nikasema. "Hajavuta kitu. Hajaenda Yeoville. Saa mbili usiku amelala. Mimi ndiye niliyejaza chupa." Nikatoa kwenye mkoba kile kichupa cha pili cha Jocelyne, kile cha goti. Sijui kwa nini nilikibeba asubuhi ile. Najua. Nikakiweka mezani mbele yao, nikawaeleza yote kwa Kizungu changu kibovu, na Kizungu kilipoisha nikaendelea kwa Kiswahili, na Kawira hakutafsiri, alikuwa amefunga macho.

"Koko," Gaëlle alisema. "Koko, tafadhali. Keti."

Daktari akaniuliza kwa sauti laini, "Kwa hiyo alikuwa akinywa mafuta haya kwa ajili ya mbio?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya miguu yake ya mbio."

"Mara ngapi?"

"Kila jioni, Daktari. Hajawahi kukosa." Nilidhani namsifu. Nilitaka wajue ni mtoto mwenye bidii.

Daktari akaandika.

Mzee akainuka, akazunguka meza, akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Aliniambia ni watu wachache wanaosimama kama nilivyosimama. Macho yake yalikuwa na machozi, sisemi uongo. Nikashuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta, nikimshukuru Mungu. Nilidhani tumeshinda. Nilimtazama Gaëlle anifurahie, naye alikuwa mbele, anashuka haraka haraka, halafu akasimama kunisubiri kwenye kila ngazi kwa sababu ya goti langu.

Kawira ndiye aliyenieleza, kwenye gari, karibu na robot ya tatu, zile taa za barabarani. Moffat alizima redio. Hakuna aliyenilaumu. Moffat akasema tu, "Sawa, Mama. Sawa," akatoa kitambaa chake akanipa kwa nyuma bila kugeuka.

*

Walimpa miezi kumi na sita. Kumi na miwili ya mafuta, wakisema wamepunguza kwa sababu hakujua, na minne ya uongo alioueleza mbele yao. Katika ile barua kulikuwa na sentensi moja kuhusu mimi, kwamba wajumbe waliguswa na ukweli wa bibi. Gaëlle alinisomea barua yote. Angeweza kuiruka sentensi ile, lakini hakuiruka.

Chuo kiliandika baada ya wiki mbili. Nafasi amepewa mwingine. Walimtakia kila la heri. Nilitoa ile barua ya kwanza kwenye Biblia, nikakosa mahali pa kuiweka, nikairudisha.

Mama Jocelyne alikuja akalia kwenye sakafu ya jikoni kwangu, mtu mzima mwenye wajukuu. Gaëlle ndiye aliyemwinua. Sasa anafanya kazi kwake. Anafagia nywele, anajifunza kusuka, na wateja wanasema ana vidole vyepesi. Nilimuuliza kwa nini pale, kati ya mahali pote duniani. Akasema ni karibu, anaweza kurudi mchana kunitazama.

Moffat bado anapita Jumamosi. Anamwambia miezi itakwisha, kwamba aanze taratibu, mwili hausahau. Gaëlle anasema, "Sharp, Coach," yaani sawa, na anamtengenezea chai. Viatu vyake vya mbio alimpa mtoto mwingine wa timu. Mimi bado naamka saa kumi na moja alfajiri, mwili umezoea, naweka maji ya uji jikoni, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayekwenda kukimbia. Nazima moto.

Jioni bado ananikanda goti. Ananunua mafuta ya kawaida ya mgando, anayasugua kiganjani, ananikanda mpaka ndani ya mfupa. Hajawahi kuniambia neno baya hata moja. Watu kanisani wananiambia nina bahati, mtoto gani siku hizi.

Lakini nina macho. Tangu ile barua hali chakula kutoka mkononi mwangu. Nikichota wali, anainuka haraka: "Acha, Koko, usichoke, nitajichotea." Nikimimina chai, anasema ngoja, kikombe changu kina ufa, anakichukua, anakiosha, anajimiminia mwenyewe. Maji yake anayanywa kutoka kwenye chupa aliyoifungua yeye. Analifanya jambo hili kwa tabasamu, kwa upole, ananibusu na kichwani, na nadhani anaamini sijaona.

Jana nilimenya chungwa, nikampa kipande bila kufikiri, kama nilivyompa akiwa mdogo. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema "Aksanti, Koko," akazungumza nami habari za saluni, akacheka. Aliposimama kwenda kulala kile kipande kilikuwa bado kiganjani mwake. Akaenda nacho chumbani, ili nisimwone akikitupa.